Mtumba wa Merikani

Nilipokuwa mtoto, kitambaa cheupe kisicho na rangi wala nakshi, kile kizito kidogo chenye harufu ya pamba, kilikuwa na jina moja tu nyumbani kwetu: merikani. Bibi alikishonea foronya, alichujia, alifungia mchele. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba jina hilo ni la nchi, na kwamba limekaa midomoni mwetu kwa karibu miaka 200. Katika muda huo kitambaa kimefumwa Massachusetts, kikaigwa Uingereza, kikafumwa Bombay na baadaye Japani, na jina halikubadilika. Sijui kitu kingine kinachoonyesha wazi kiasi hicho kwa nini mali huiacha bandari moja na kukimbilia nyingine. Ndiyo maana nimeamua kuisimulia safari yake.

Pwani haikuwa uchi kabla ya meli za Marekani kutia nanga. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale na kusafirishwa mpaka Misri. Kilwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea nyuzi. Pate ilisifika kwa nguo za hariri. Huko bara, Ufipa na Unyamwezi, mfumi alikaa kwenye kitanda chake cha kufumia akatoa nguo nzito za pamba iliyolimwa karibu na nyumba yake. Juu ya hizo zilikuja nguo za Kutch na Surat, kaniki nyeusi ikiongoza, ndani ya majahazi yaliyosukumwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Upepo ndio uliopanga biashara. Aliyepeleka mali Unguja kutoka India alisubiri msimu ugeuke ndipo aone fedha yake tena, na gharama ya kusubiri huko iliingia katika bei ya kila jora.

Mwishoni mwa mwaka 1827 alifika Unguja mfanyabiashara kutoka Portsmouth, New Hampshire, Edmund Roberts. Mali yake nyingi ilikuwa imeshapotea katika safari za nyuma, na Unguja ilimchelewesha. Mwanzoni mwa 1828 alionana na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, akamlalamikia kwamba Wamarekani hawatendewi sawa na Waingereza. Sayyid Said alimsikiliza. Alikuwa mtawala mwenye hesabu za biashara kichwani, na alihitaji wateja wasiotoka taifa moja tu. Roberts alirudi na manowari ya Marekani, na tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, mkataba ukatiwa saini: ushuru wa asilimia 5 kwa mali itakayoteremshwa, bila ada nyingine yoyote. Waingereza walipata mkataba wao 1839, Wafaransa 1844, na miji ya Hansa ya Ujerumani 1859.

Msomaji akiweke akilini kifungu hicho cha asilimia 5. Siku ile kilionekana ukarimu. Kwa kweli kilimfunga mikono mwenye bandari: tangu hapo, kama angetaka kumlinda mfumi wa Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, au kuongeza pato la hazina yake kwa kupandisha ushuru wa nguo za nje, angekuwa anavunja ahadi kwa taifa lenye manowari.

Hata hivyo, mkataba haukuileta biashara. Uliikuta imeshafika. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834, meli za mataifa ya mbali zilizoingia Unguja zilikuwa 41. Za Marekani zilikuwa 32, za Uingereza 7. Na kati ya hizo 32, 20 zilitoka mji mmoja mdogo wa Massachusetts uitwao Salem. Uingereza ilikuwa na himaya, ilikuwa na Bombay karibu, ilikuwa na viwanda vikubwa kuliko vyote duniani. Kwa nini basi nguo ya Mwingereza ilishindwa na ya mji mdogo uliokuwa safari ya miezi mitatu na zaidi kwa tanga, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema?

Jibu la kwanza lilikuwa mtoni. Kuanzia 1823, viwanda vya Lowell vilitumia maporomoko ya mto Merrimack kuendesha mitambo ya kufumia, na wasichana wa mashambani waliajiriwa kuihudumia. Walitengeneza kitu kimoja kwa wingi: kitambaa kizito cha pamba, kisichopaushwa, kisicho na urembo. Viwanda vya Manchester vilikuwa na ufundi zaidi, lakini pamba yao ilivuka bahari ya Atlantiki kwanza. Katika kitambaa chepesi cha thamani, uzito wa pamba ni sehemu ndogo ya bei. Katika kitambaa kizito cha bei nafuu, pamba ndiyo karibu bei yote. Hapo Lowell ilikuwa na nafasi ya kushinda, na ikashinda. Waingereza walipojaribu kuuiga mtindo ule walijazia wanga ili kitambaa kionekane kizito. Mnunuzi wa Unyamwezi alikifua mara moja, wanga ukaisha, akabaki na kitu chepesi mkononi. Safari ya pili aliulizia merikani yenyewe.

Jibu la pili ni chungu. Pamba ya Lowell ilikuwa nafuu kwa sababu walioilima na kuichuma, Alabama, Georgia na Mississippi, walikuwa Waafrika waliotumikishwa bila malipo, watoto na wajukuu wa waliovushwa Atlantiki kwa nguvu. Kitambaa hicho kikaja pwani yetu, kikapanda bara mabegani mwa wapagazi, na kwingine kikatumika kununua watu, ambao baadhi yao walishushwa kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mtumwa wa bara moja alitoa malighafi ya nguo iliyomnunua mtumwa wa bara lingine. Vitabu vya hesabu vya Salem vina mistari ya majora, frasila na riale. Mstari wa watu hawa haumo, ingawa bila wao hesabu yenyewe isingefunga.

Meli haiendi mbali kiasi hicho kuuza tu. Lazima irudi na kitu, la sivyo faida ya kwenda huliwa na nauli ya kurudi. Salem ilivutwa Unguja kwanza na sandarusi, utomvu wa kale uliofukuliwa ardhini Mrima na kutumika kutengeneza vanishi ya samani na magari ya farasi. Jonathan Whipple alifungua karakana Salem ya kuisafisha, na kwa miaka mingi mji huo ulikuwa mlango wa sandarusi ya Unguja kuingia Marekani. Mwaka 1861 serikali ya Marekani iliweka ushuru wa senti 10 kwa kila ratili ya sandarusi isiyosafishwa. Usafishaji ukahamia upande wetu wa bahari. Mstari mmoja wa sheria, ulioandikwa Washington, ulifunga kazi Salem na kufungua kazi Unguja, na sidhani kama aliyeuandika alijua Unguja iko wapi.

Kisha ikaja pembe ya ndovu, na hiyo ndiyo iliyobeba uzito wote. Katika bonde la mto Connecticut, kwenye vijiji vya Deep River na pale palipokuja kuitwa Ivoryton, viwanda vilipasua pembe kuwa vitana, na baadaye vibao vyembamba vya piano. Kadiri familia za tabaka la kati Marekani na Uingereza zilivyonunua piano sebuleni, ndivyo misafara ilivyozidi kwenda mbali: kwanza Unyamwezi, kisha Ujiji, kisha kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Pembe laini ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa sababu haikupasuka wala kugeuka manjano upesi.

Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu Unguja, ameweka bei mbili ubavu kwa ubavu: bei ya frasila ya pembe ilipanda karibu karne nzima, na bei ya merikani ikakaa palepale au ikashuka, kwa sababu mashine ziliendelea kufuma kwa gharama ndogo zaidi. Mistari miwili ikiachana namna hiyo, mtu wa kati hupata utajiri. Mwenye pembe aliona anapewa nguo nyingi kuliko baba yake alivyopewa; mwenye nguo aliona anauza pembe ghali kuliko jana. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuendelea. Aliyepungua ni ndovu, na pamoja naye mfumi wa kienyeji, ambaye mikono yake haikuweza kushusha bei kwa kasi ya mtambo.

Wamarekani hawakuruhusiwa kwenda kununua pembe na sandarusi wenyewe Mrima. Sehemu hiyo ya pwani iliwekwa akiba kwa wenyeji wake, na mkataba wa Waingereza wa 1839 uliitaja wazi. Kwa hiyo kila kitu kilipita Unguja, na Unguja kilipita mkononi mwa mtu mmoja. Forodha ilikodishwa. Aliyeikodi alimlipa Sayyid kiasi cha kila mwaka, akakusanya ushuru, na kilichozidi kikawa chake. Tangu katikati ya miaka ya 1830 hadi 1853 mtu huyo alikuwa Jairam Shivji, Mbaniani wa Kutch. Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, aliyefika 1837 na kujishughulisha na biashara zaidi ya ubalozi, alielewa haraka: alishirikiana na Jairam, na wafanyabiashara wengine, hata Wamarekani wenzake, wakalalamika kwamba njia imezibwa.

Nguvu ya Jairam haikuwa forodha tu. Ilikuwa mkopo. Msafara wa kwenda bara ulihitaji nguo, ushanga, masango ya shaba, na mtaji wa mwaka au miaka miwili kabla ya pembe ya kwanza kuonekana. Waarabu na Waswahili walioongoza misafara hawakuwa na fedha hizo. Wabaniani na Makhoja walikuwa nazo, au walikuwa na jamaa Bombay waliokuwa nazo. Hata Tippu Tip, kiongozi mashuhuri wa misafara ya pembe, alikopeshwa mali na Taria Topan, Mkhoja aliyekuja kuwa mkuu wa forodha baadaye. Riba ilikuwa kali kwa sababu hatari ilikuwa kubwa: ndui, vita, hongo kwa kila mtemi, mpagazi anayetoroka na mzigo. Gharama ya mkopo iliamua nani atakwenda Manyema na nani atabaki Bagamoyo, kama vile umbali na njaa zilivyoamua.

Kutoka Bagamoyo au Pangani, merikani ilipimwa kwa vipimo vyake. Mikono minne ni shuka. Shuka mbili ni doti. Jora ni yadi 30, doti saba na nusu. Majora yalifungwa kwa kamba na mkeka yakawa mzigo mmoja mrefu, mgumu kama gogo, wa frasila mbili hivi, uliokaa begani. Mzigo huo uliitwa mtumba.

Walioupokea mtumba huo kule mwisho hawakuwa watu wa kupokea chochote. Richard Burton, aliyepita njia hiyo 1857, aliandika kwamba aina za ushanga zilizojulikana sokoni zilikaribia 400, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa mwaka huo ulirudi nayo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi bado wanasimulia historia yetu kana kwamba babu zetu walihongwa kwa vitu vya kung'aa. Walichagua. Uchaguzi wao ulirudi kwa miguu hadi pwani, ukavuka bahari, ukabadilisha mashine za Salem na matanuri ya Venice.

Mwaka 1840 Sayyid Said alijaribu kuuza bila mtu wa kati. Aliipeleka meli yake, Sultana, New York, chini ya Ahmad bin Naaman, na ikawasili tarehe 30 Aprili ikiwa na tende, mazulia ya Uajemi, kahawa ya Mokha, pembe 108, masanduku 81 ya sandarusi na magunia 135 ya karafuu. Watu wa New York walijazana bandarini kuwaona mabaharia. Ilirudi ikiwa na bunduki, ushanga, sahani, na marobota 125 ya merikani. Safari hiyo ilibaki ya peke yake. Hata mtawala mwenye meli hakuwa na ghala kule, hakuwa na wakala anayejua bei itakavyokuwa mwezi ujao, wala hakuwa na mkopo wa benki ya New York. Salem ilikuwa na vitu hivyo vyote, na ndivyo vilivyoiweka mbele.

Hapa niseme neno juu ya kauri, yaani simbi, ingawa si nguo. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, Hertz na baadaye O'Swald, walitambua kwamba simbi zilizookotwa bure pwani yetu zilitumika kama fedha Afrika Magharibi. Walizipakia kama mchanga. Faida ilikuwa ya ajabu mpaka Lagos na majirani zake walipojaa simbi, na fedha ya watu ikapoteza thamani mikononi mwao. Aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake katika kauri aliamka maskini, kwa sababu ya shehena zilizopakiwa Unguja.

Aprili 1861 vita vilianza Marekani. Majimbo ya kusini yalizingirwa baharini, pamba ikaacha kufika kaskazini, na viwanda vya Massachusetts vikasimama kimoja baada ya kingine. Pamba iliyokuwa ikiuzwa New York kwa kama senti 10 ratili ilifika zaidi ya dola moja na senti 80 mwaka 1864. Unguja, merikani iliadimika. Misafara iliyokuwa njiani iliendelea, lakini iliyokuwa ikijiandaa ilibadilisha mizigo: nguo za Kiingereza, nguo za India, chochote kilichofumwa na kupatikana. Wateja waliokuwa wamekataa mwigo wa Manchester kwa miaka 20 wakaupokea, kwa kuwa hakukuwa na kingine.

Vita viliisha 1865, na meli za Salem zikarudi. Tajiri Taria Topan aliheshimiwa kiasi kwamba meli iliyoundwa Salem mwaka 1870 ilipewa jina lake. Merikani ilipata tena sehemu ya soko. Lakini dunia iliyoizunguka ilikuwa imeanza kubadilika, na mabadiliko yote yaliegemea upande mmoja.

Novemba 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Safari ya London na Unguja ilifupika sana. Ya Salem, ambayo ilifuata njia ya Rasi, haikunufaika kwa kiasi hicho. Mwaka 1872 meli za moshi za British India, kampuni ya William Mackinnon, zilianza kubeba barua na mizigo kwa ratiba, bila kuuliza kaskazi imefika wapi. Mwaka 1879 waya wa simu ulifika Unguja kwa njia ya bahari. Faida kubwa ya nyumba za Salem ilikuwa kujua mambo ambayo wengine hawakuyajua, kwa kuwa barua ilichukua miezi. Sasa bei ya pembe London ilijulikana Unguja siku ileile, na kila mwenye duka aliijua.

Kisha kuna jambo la sarafu, ambalo masimulizi mengi hulipita, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Fedha ya pwani ilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya madini ya fedha ambayo daima iliandikwa mwaka 1780 hata ikiwa imepigwa jana, na pamoja nayo rupia ya India, nayo ya fedha. Ulaya na Marekani zilikuwa zikihamia dhahabu. Ujerumani, baada ya 1871, iliuza fedha yake nyingi, na migodi ya Marekani ikamwaga mpya sokoni. Bei ya fedha London ilianguka kutoka karibu peni 60 kwa aunsi mwanzoni mwa miaka ya 1870 hadi chini ya peni 30 mwaka 1894. Rupia iliyokuwa na thamani ya karibu shilingi mbili za Kiingereza ikashuka hadi shilingi moja na peni chache.

Hebu tufikirie maana yake dukani. Mwenye kiwanda Lowell au Manchester alilipa mishahara na mikopo kwa dhahabu. Ili apate dhahabu ileile kwa jora lake, ilibidi adai rupia nyingi zaidi kila mwaka. Mwenye kiwanda Bombay alilipa mishahara kwa rupia na kuuza kwa rupia. Kiwanda cha kwanza cha mashine Bombay kilikuwa kimeanza miaka ya 1850, na vingine vingi vikafuata. Kiwanda cha Bombay hakikuhitaji kuwa na ufundi kuliko Lowell. Kila fedha iliposhuka, nguo yake ikawa nafuu Unguja bila mtu kuigusa bei. Na Bombay ilikuwa karibu, ilikuwa na jamaa katika kila duka kuanzia Lamu hadi Ujiji, na ilikuwa na mkopo uliozungushwa ndani ya ukoo.

Kufikia miaka ya 1880 merikani nyingi iliyouzwa pwani ilikuwa ya Bombay. Wamarekani waliobaki waligeukia kuuza mafuta ya taa. Salem ilipotea katika orodha ya bandari zilizotuhusu, na mnunuzi wa Tabora hakuona tofauti isipokuwa bei. Aliendelea kuomba merikani, akapewa.

Mgawanyo wa Afrika ulikuja na bendera mpya, na watu walidhani bendera ndiyo itakayoamua nguo. Haikuwa hivyo, na sababu ni mkataba. Wakuu waliokutana Berlin 1884 na 1885 waliitangaza sehemu kubwa ya Afrika ya kati na mashariki kuwa eneo la biashara huru: hakuna taifa litakalopendelewa katika ushuru. Brussels, 1890, waliruhusu ushuru wa hadi asilimia 10. Kanuni hiyo ya usawa ilirudiwa katika mkataba wa Saint-Germain mwaka 1919, ukizihusu Kenya, Uganda na Tanganyika. Ile ahadi ya asilimia 5 aliyoitoa Sayyid Said ilikuwa imekua na kuwa sheria ya kimataifa.

Reli ilibadilisha kilichoweza kusafiri. Mpagazi anayekula njiani hawezi kubeba pamba kutoka Busoga mpaka Mombasa; chakula chake kitazidi thamani ya mzigo. Ndiyo maana kwa karne nzima bara lilitoa pembe, kitu chenye thamani kubwa katika uzito mdogo. Garimoshi lilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, hesabu iligeuka. Mbegu za pamba zilipelekwa Uganda miaka michache baadaye, na wakulima wakalima kwa wingi. Pamba hiyo haikuenda Lancashire yote kama watawala walivyotaka. Sehemu kubwa ilinunuliwa Bombay, na baadaye Japani.

Wajapani walikuja kwa utaratibu. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kawaida za Afrika Mashariki, ikisaidiwa na serikali yake. Wanunuzi wao walikwenda Uganda kwenyewe. Kisha Desemba 1931 Japani iliacha dhahabu, na yeni ikaanguka kutoka karibu senti 49 za Marekani hadi kama senti 20 mwishoni mwa 1932. Lililofanywa na fedha miaka ya 1870 kwa faida ya Bombay, likafanywa na yeni kwa faida ya Osaka, tena kwa miezi badala ya miaka. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa. Bei ya pamba, mkonge na kahawa ilikuwa imeanguka, na mkulima alikuwa na senti chache mno. Nguo ya Kijapani ilikuwa ndiyo anayoimudu.

Lancashire ilipiga kelele bungeni London. Mwaka 1934 Uingereza iliweka viwango vya juu kabisa vya nguo za Kijapani zitakazoruhusiwa kuingia katika makoloni yake. Afrika Mashariki haikuguswa, kwa sababu ya mikataba ile ya Berlin na Saint-Germain, iliyoitwa ya bonde la Kongo. Mtawala alikuwa na jeshi, alikuwa na gavana, alikuwa na forodha, lakini hakuweza kuizuia nguo ya Osaka kuingia Mombasa. Mwanamke wa Kisumu au Mwanza aliyenunua merikani miaka hiyo alinunua kitambaa cha Kijapani chenye jina la Kimarekani, na huenda pamba yake ilikuwa imechumwa siku chache za safari kutoka kwake.

Uhuru ulileta nia ya kuvunja mzunguko huo. Jinja ilikuwa imeshapata kiwanda mwaka 1954, kikitumia umeme wa bwawa la Owen Falls. Tanzania ilijenga Urafiki, Dar es Salaam, kwa mkopo na mafundi wa China, kikaanza kazi 1968. Kenya ikaanzisha Rivatex, Eldoret, katika miaka ya 1970. Kwa mara ya kwanza tangu siku za mfumi wa Ufipa, pamba ya Usukuma ilisokotwa, ikafumwa na kuchapwa kanga bila kuvuka bahari. Vikilindwa na ushuru, viwanda hivi vilifanya kazi. Kisha ikaja bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni za kununulia vipuri na rangi, umeme unaokatika, na hatimaye masharti ya miaka ya 1980 na 1990 ya kufungua milango. Sitaki kueleza kila kiwanda kilivyofungwa. Nimewahi kuzungumza na wazee waliofanya kazi humo, na wanapotaja mlio wa mitambo huinamisha kichwa.

Kilichoingia mlango ulipofunguliwa kilikuwa nguo zilizokwishavaliwa, kutoka Ulaya na Marekani. Gharama ya kuifuma nguo hiyo ilikuwa imeshalipwa na mwenye kuivaa mara ya kwanza. Aliyeitoa alikuwa ameitoa bure. Kilichobaki kulipwa ni kuchambua, kufunga na nauli. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kushindana na bei ya namna hiyo kwa ufundi pekee.

Machi 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana Arusha walikubaliana kuziondoa nguo hizo hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani kilipeleka malalamiko serikalini, kikitaka nchi zetu ziondolewe katika AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, ambayo viwanda vyake vya kushona vilikuwa vikiishi kwa mpango huo, ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda nazo zikarudi. Rwanda ilikataa, na mwishoni mwa Julai 2018 mavazi yake yakasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru.

Robota la kilo 45, lililofungwa kwa mikanda ya plastiki, gumu kama gogo, hushushwa Dar es Salaam na kupandishwa begani na mchukuzi hadi kwenye lori. Akikutana nawe uchochoroni atapaza sauti umpishe, kwa sababu mzigo haumruhusu kugeuka. Ukimuuliza amebeba nini, atakujibu kwa neno lilelile lililotumika Bagamoyo kabla ya reli, kabla ya Suez, wakati nguo zilipotoka Salem: mtumba.